Tupeane uzoefu: ardhi ya mababu inaposomeka kuwa ardhi ya umma

Mkwezi
Wanajamvi, salaam. Juzi katika baraza la chifu yalisomwa majina ya watakaogawiwa ploti katika skimu mpya ya makazi, na ndani ya ploti hizo imo minazi ya babu yangu, ambayo ningali naikwea mpaka leo. Jina langu halikusomwa. Mnaotoka Mwambao wa Kenya mnaijua habari hii: sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai wajitokeze kuandikisha, waliozoea makaratasi wakajitokeza, wazee wetu wengi hawakusikia wala hawakuhesabiwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza, kisha ya serikali, na sasa ya umma. Naomba aliyewahi kudai aeleze alifika wapi.

Mswahili wa Kusini
Sisi tulihesabiwa miti tukalipwa miti, kisha tukaambiwa udongo si wetu. Mwembe ulilipwa, kivuli chake kikabaki na serikali.

Binti wa Kaya
Nilikuwa nimeapa kutolisimulia jambo hili, lakini hilo baraza lako limenirudisha nyuma. Ukoo wetu uliwasilisha madai ya kihistoria, nami nikafanywa katibu kwa kuwa nilikuwa na kompyuta. Kwa miezi mingi tulikusanya ushahidi: risiti mbili za kodi ya kibanda ambazo bibi alizihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai, ramani tuliyoichora kwa mkono ikiwa na mbuyu, kisima na makaburi, na maelezo ya wazee sita yaliyotiwa alama ya kidole gumba. Ushahidi tulioutegemea kuliko wote ulikuwa vigango vinne, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wafu, vya wazee wetu wa gohu, kile chama cha wazee wenye heshima, vilivyosimama ukingoni mwa shamba tangu kabla mama hajaolewa, kwa maana kigango kikishasimikwa hakihamishwi, na hakuna mtu anayesimika koma zake, yaani mizimu ya wazee wake, katika ardhi ya mwenzake.

Siku ya wachunguzi kuja tuliamka alfajiri tukafyeka njia, tukawapokea kwa madafu, kisha tukaongozana nao, mimi nikiwa mbele na faili langu kifuani. Tulipofika palikuwa na mashimo manne. Udongo wa pembeni ulikuwa bado mbichi, na kando ya shimo la tatu palisalia kipande cha kitambaa chekundu kilichokuwa kimefungwa kiunoni mwa kigango. Mzee mmoja, ambaye kigango kimoja kilikuwa cha baba yake, alichuchumaa akatia mkono shimoni hadi kwenye kiwiko, akautoa, akautia katika shimo la pili. Hakusema neno. Afisa aliniuliza kwa upole, "Vilikuwa hapa?" Nikajibu kwamba vilikuwa hapo. Akaandika katika daftari lake, nami nikalisoma neno lile kichwa chini miguu juu: "Havikuonekana."

Mkwezi
Pole sana, dada. Sikutarajia nilichouliza kinifikishe hapa.

Jirani wa Tana
Vigango huibwa na kuuzwa ng'ambo kwa wanaokusanya sanaa, jambo hilo linajulikana miaka mingi. Kwa nini basi hamkuvipeleka makumbusho mapema?

Binti wa Kaya
Kaka, umekisoma nilichoandika? Ningeving'oa kwa mkono wangu, ningekuwa nimekiri mwenyewe kwamba pale si kwetu.

Jirani wa Tana
Nimekisoma. Nasema tu kwamba sasa hamna vigango wala ardhi.

Mswahili wa Kusini
Jirani, maneno mengine humezwa. Mwombe dada radhi.

Bahari Kuu
Mimi nashauri tofauti na ninyi nyote. Acheni mafaili. Kaeni kimya, jengeni nyumba za mawe, mkitimiza miaka 12 bila kuondolewa ardhi ni yenu kisheria. Shemeji yangu aliipata yake hivyo.

Karani Mstaafu
Ndugu Bahari Kuu, usiwapoteze watu. Shemeji yako bila shaka alikaa katika shamba la mtu binafsi. Kanuni ya miaka 12 haitumiki dhidi ya ardhi ya serikali. Unaweza kukaa miaka 100 na bado ukaitwa skwota. Nimefanya kazi ya masjala ya ardhi kwa muda mrefu, nami nimeona familia zikikaa kimya kwa kutegemea kanuni hiyo mpaka tingatinga likafika mlangoni.

Madai ya dhuluma za kihistoria yaliyoweza kupokelewa na Tume ya Taifa ya Ardhi ni yale ya kati ya Juni 15, 1895, siku ambayo eneo hili lilitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Agosti 27, 2010, siku ya katiba mpya, na muda wa awali wa miaka 5 wa kuyawasilisha ulimalizika Septemba 2021. Wengine watawaambia mkimbilie sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, mwandikishe jamii na mchague kamati ya watu 7 hadi 15. Ni sheria nzuri kwa maeneo ambayo mabaraza ya wilaya yaliyashika kwa amana kwa niaba ya wenyeji, lakini sehemu kubwa ya ukanda wa maili kumi wa pwani yetu ilikuwa ya serikali tangu hapo, hivyo huenda mkaandikisha jamii ikakosa cha kusimamia. Mkwezi aanze kwa kupinga orodha ile kwa maandishi kabla hati hazijatolewa, kwa sababu hati ikishatoka atapigana na jirani badala ya serikali.

Bahari Kuu
Basi nimekosea, lakini nyumba ya mawe haibomoki upesi.

Mlimani
Nendeni Arusha. Waogieki, jamii ya msitu wa Mau, waliishinda serikali huko katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu Mei 26, 2017, na Juni 2022 wakaamuliwa kulipwa fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya pamoja na kurudishiwa ardhi yao ya Mau.

Karani Mstaafu
Na Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa Sasimwani, huko huko Mau. Tumweleze Mkwezi habari yote, tusimpe nusu.

Mtoro wa Lamu
Naandika kutoka Albuquerque, New Mexico, ninakoishi na kufanya kazi. Huku kuna vijiji vya watu wenye asili ya Kihispania vilivyopewa ardhi na mfalme wa Hispania na baadaye serikali ya Meksiko, kila familia ikiwa na kiwanja chake na wote wakishirikiana malisho na kuni. Marekani ilipolitwaa eneo hili kwa mkataba wa 1848 iliahidi kuheshimu mali zao, lakini 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba sehemu ya pamoja ilikuwa ya mfalme, hivyo imerithiwa na serikali. Kijiji cha San Miguel del Vado kilidai zaidi ya ekari 315,000 kikaachiwa takribani 5,000. Mwenzangu kazini ana asili ya vijiji hivyo, na anahitaji kibali kukata kuni katika msitu wa taifa ambao babu yake aliuita shamba la wote.

Jirani wa Tana
Tumeanza na minazi, tumefika Marekani. Turudi nyumbani.

Mtoro wa Lamu
Nimetaja kwa sababu wao hutumia kila kitu kuwa ushahidi, hata vitabu vya ubatizo. Dada Binti, katika ukoo mzima hakuna picha hata moja ya vile vigango?

Binti wa Kaya
Nimeshindwa kulala kwa swali lako, nikampigia shangazi. Ipo picha ya harusi yake. Yeye na bwana harusi wamesimama shambani, na nyuma yao vinaonekana vigango vitatu. Cha nne kimezibwa na kofia ya mpambe. Nyuma ya picha mpigapicha aligonga muhuri wa tarehe.

Karani Mstaafu
Msiitoe kwenye fremu. Ipigeni nakala kama ilivyo, mbele na nyuma, na shangazi aape kiapo mbele ya wakili akiwa bado anakumbuka aliyesimama wapi.