Masta ya akiolojia na urithi wa utamaduni: Dar, Nairobi au Ulaya? Mi nipo Mwanza

mwalimu_wa_ziwani
Wakuu mwadila, habari za saa hizi. Mimi ni mwalimu wa historia na jografia, sekondari moja pembeni ya ziwa upande wa Magu, nina miaka sita kazini. Nataka kusoma masta ya akiolojia au ya mambo ya urithi na nimezunguka kichwa mpaka nimechoka naomba mnisaidie kulinganisha.

Kilichonisukuma ni hiki. Mvua za masika zilikata ukingo wa mto unaopita nyuma ya shule, wanafunzi wakaenda kuchota mchanga wa ujenzi wakaniletea vigae vinne vya vyungu wamefunga kwenye sweta. Kimoja ni kitako cha chungu, kinene, kimebonyezwa katikati kishimo ambacho kidole gumba changu kinaingia na kukaa kabisa, kama aliyekifinyanga alinipimia mimi. Juu yake kuna mistari ya kukwaruza imekaa kwa mpango. Niliviweka mezani ofisini siku nzima sikuweza kusahihisha hata daftari moja.

Sasa nina njia tatu. Dar (UDSM), Nairobi, au kuomba skolashipu Ulaya. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Digirii yangu ni ya ualimu, historia na jografia, sio akiolojia. Mngekuwa mimi mngeenda wapi?

ngosha_kisesa
Mwadila mwalimu. Mi nilisoma masta Dar kwa hiyo ntasema ninachokijua.

Akiolojia pale ilianza kufundishwa 1985, ikiwa kitengo chini ya historia, sasa hivi ni idara kamili ya akiolojia na masomo ya urithi. Watu kama Profesa Felix Chami na Profesa Bertram Mapunda wamefundisha pale, na wengi wa waliopo kwenye makumbusho na malikale nchi hii wamepita mikononi mwao. Faida kubwa ya Dar sio jina, ni kwamba tasnifu yako utaifanya kwenye ardhi unayoijua, supavaiza wako anajua njia za kibali cha malikale na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na ukikwama unapanda basi usiku unafika Mwanza unarudi site. Utaratibu ni kozi darasani kwanza alafu fildi na kuandika.

Ubaya nao nikwambie bila kuficha. Hela ya fildi. Ada watu wanaipigia hesabu, fildi wanaisahau, na fildi ndio inayokula. Mi nilichimba mashimo mawili ya mita moja kwa moja, nikapata mkaa mzuri kabisa umetulia chini ya vigae, nikaufunga kwenye foili nikafurahi. Alafu nikauliza bei ya kupima radiokaboni, yaani kujua umri wa mkaa, sampuli moja ni dola mamia, na kupima lazima zitoke nje ya nchi na kibali chake. Nilikuwa na sampuli tano, nikapima mbili tu. Zile tatu bado ninazo kwenye boksi juu ya kabati na kila nikiziona naumia, maana swali langu lilikuwa kwenye tabaka la chini na hela iliishia la juu.

Kwa hiyo ukienda Dar anza kutafuta ruzuku ya fildi siku ya kwanza, usisubiri mwaka wa pili.

sengerema_juu
Nafuatilia huu uzi, na mi nina mpango huohuo.

binti_bukoba
Mwalimu hicho kitako chenye kishimo kimenisisimua!! Vyungu vya namna hiyo vinaitwa vya Urewe, jina limetoka kwenye site iliyoko Siaya Kenya, na vimezunguka ziwa lote, Kenya, Uganda, Rwanda, mpaka kwetu Kagera. Ndio watu wa mwanzo wa kilimo na chuma ukanda huu, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Ila usitamke Urewe mbele ya watu mpaka mtu anayejua avione, maana kishimo peke yake hakitoshi, wanaangalia na mdomo wa chungu na yale makwaruzo.

Mi nimekulia karibu na Katuruka, huku huku Kagera. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alikuja kule mwishoni mwa miaka ya 60, akawa anakaa na wazee wanamweleza habari za mfalme Rugomora Mahe na mti ambapo chuma kilifuliwa, akachimba palepale walipomwonyesha akakuta tanuri za chuma za zamani mno. Ndiye huyohuyo aliyesaidia kuanzisha akiolojia pale Dar. Alafu mwaka 1978 yeye na mtafiti mwenzake Avery wakachapisha kwamba wahunzi wa Kihaya walikuwa wanatoa chuma cha pua (steel) kwenye tanuri za udongo, kwa kupitisha hewa kwenye mirija ili ifike ndani ikiwa tayari ina joto. Bibi yangu aliwajua wazee walioonyesha tanuri ile ikijengwa upya.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba yule profesa kilichomfikisha kwenye jambo ni kukaa na wazee, na wewe wazee unao hapo kijijini na lugha yao unaijua. Ukienda chuo cha mbali hakikisha hiyo haipotei.

msafiri77
Mi natofautiana kidogo na ngosha hapo juu, kwa heshima zote.

Nilipata Erasmus Mundus, skolashipu ya Umoja wa Ulaya, nikasoma miaka miwili, nchi zaidi ya moja. Ada haulipi na wanakupa euro 1,400 kwa mwezi, kwa maisha ya mwanafunzi inatosha na unabakiza. Nilichokipata kule hapa nisingekipata: nimekaa kwenye hadubini nakata kipande cha chungu chembamba kama karatasi naangalia mchanga uliochanganywa kwenye udongo, unaweza kujua chungu kimefinyangwa hapohapo au kimesafirishwa. Hiyo kwa ziwa letu ni dhahabu, maana watu walikuwa wanavuka na mitumbwi.

Ila nikiri kitu. Tasnifu yangu niliandika vyungu vya Ureno. Sampuli za nyumbani sikuweza kuzipata kwa wakati, kibali kilichelewa na kule muda hausubiri. Nimerudi na ujuzi lakini sina hata ukurasa mmoja kuhusu Ziwa Victoria, naanza upya.

Uingereza ni mwaka mmoja tu, ukipata Chevening, skolashipu ya serikali yao, wanataka uwe umefanya kazi saa 2,800 kwanza, ualimu unahesabika, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Kwa mtu mwenye watoto mwaka mmoja unabebeka kuliko miwili. Shida tasnifu unaifanya ile miezi ya kiangazi, haitoshi kuja kuchimba Magu. Utafanyia makumbusho au machapisho.

jabali_la_kisumu
Hujambo mwalimu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Wengi huiruka Nairobi na ni makosa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina akiolojia, na la muhimu zaidi pale mjini kuna Makumbusho ya Taifa yenye mikusanyo ya ukanda mzima, unaweza kuketi na vyungu vya Urewe vyenyewe mkononi ukalinganisha na chako badala ya kutazama picha. Tena kuna BIEA, taasisi ya Waingereza ya utafiti wa Afrika Mashariki, maktaba yao ni tajiri na hutoa ruzuku ndogo za utafiti, hata kwa mtu anayesoma chuo kingine.

Na upande wetu wa ziwa kuna Thimlich Ohinga, zile boma za mawe Migori zilizojengwa bila udongo wala saruji, zikaingia urithi wa dunia 2018. Ukivuka mpaka wa Sirari hauko mbali. Kama unawaza usimamizi wa urithi zaidi kuliko kuchimba, pale utajifunza vile jamii inavyoishi na mahali kama hapo.

Ada kwa mgeni uliza mapema, ndio jambo la kukuzuia.

mzee_wa_capripoint
Binti yangu mwalimu, mimi ni mstaafu wa idara ya utamaduni, nimeusoma uzi wote. Mnalinganisha vyuo na hamjalinganisha masomo. Akiolojia na usimamizi wa urithi ni ndugu lakini sio mtu mmoja. Mwanaakiolojia anauliza nani aliishi hapa na lini. Msimamizi wa urithi anauliza hiki kilichobaki kitakuwepo miaka hamsini ijayo, na nani atakilinda.

Kwa Mwanza hilo swali la pili ndilo linaloniuma. Mawe yetu haya mnayopiga nayo picha, chini yake kuna mapango yenye michoro myekundu ya wazee wa zamani, na sisi tunayapasua tuuze kokoto. Nimewahi kupelekwa na vijana juu ya kilima kimoja kuona michoro, tumefika tumekuta jiwe limechomwa moto na matairi, limemwagiwa maji, limebanduka kama gamba la kitunguu na michoro imeondoka na lile gamba. Wale wapasua mawe walikuwa wanalisha familia, siwezi kuwalaani, hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kuna nini pale. Watafiti Soper na Golden walipita mkoa huu wakaandika 1969 habari za mapango ya Nyang'oma na Chole. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini. Waliofuata ni wachache mno kwa ukubwa wa mkoa.

Kuhusu ajira, kwa kuwa nyie vijana mnaogopa kuiuliza: miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira na urithi umo ndani yake. Angalieni reli ya Mwanza-Isaka kilomita 341, angalieni bomba la mafuta la Hoima kwenda Tanga linalokatiza Kagera na Geita. Mtu anatakiwa kutembea ile njia kabla ya greda. Kazi hiyo mara nyingi inafanywa na watu waliotoka mbali wanaomuuliza dereva jina la kijiji.

mwalimu_wa_ziwani
Shikamoo mzee. Hiyo ya gamba la kitunguu imenikaa.

Wabeja sana wote. Maswali yangu mawili. Moja, digirii yangu ya ualimu watanipokea? Pili, hivi vigae nifanye nini, maana vipo kwenye droo yangu na wanafunzi wanataka kwenda kutafuta vingine.

ngosha_kisesa
Kwanza la vigae maana ni la haraka. WAZUIE WASIENDE. Sio kwa ukali, waeleze. Kigae kikishatoka ardhini bila kujulikana kilikaa wapi na kina gani kinabaki kuwa kipande cha udongo tu. Nenda nao palepale walipokiokota, piga picha ukingo wote ukiwa umeweka rula au kalamu kwa kipimo, chukua namba za GPS kwenye simu, chora ramani ndogo. Usichokoe ukuta wa ukingo hata kama unaona kingine kimechungulia. Vile vinne usivioshe kwa brashi, kila kimoja mfuko wake na karatasi yenye tarehe na mahali. Alafu toa taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya kwa maandishi ubaki na nakala. Sheria ya mambo ya kale ni ya 1964, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa, na kuchimba bila leseni ni kosa hata kwa nia njema.

La digirii, historia ni jirani wa karibu, wengine wamepita hivo, ila wanaweza kukutaka usome kozi za msingi kwanza. Andika barua idarani kabla hujalipa hela ya maombi, na kwenye barua eleza ule ukingo wa mto. Ukienda nje kumbuka TCU (tume ya vyuo vikuu) wanatakiwa kuitambua digirii yako ukirudi, angalia chuo kabla ya kuondoka.

msafiri77
Naongezea hapo na narudi nyuma kidogo kwenye msimamo wangu. Baada ya kusoma habari ya huo mto, ningekuwa wewe masta ningefanya Dar, site ikiwa hiyohiyo, alafu maabara ningeenda kuitafuta nje kwa kozi fupi au kwenye PhD ukiwa tayari na vigae vyenye anwani. Mi nilienda kinyume, nilijifunza kisu kabla sijapata nyama. Na kama utahitaji mtu wa kukukatia vipande vyembamba, nipo, sitakuchaji, vibali tu viwe sawa.

binti_bukoba
Dar na mimi. Ila mwaka wa kwanza ukiisha omba wiki mbili ukakae Nairobi kwenye ile mikusanyo aliyosema jabali, na urudi kupitia Bukoba nikupeleke Katuruka, meli ya usiku ya kurudi Mwanza ipo.

jabali_la_kisumu
Sawa, nakubali hilo, wiki mbili si haba. Nikipewa tarehe mapema nitakutafutia mahali pa kulala.

mzee_wa_capripoint
Marahaba binti. Kabla ya Dar anza Bujora. Pale Kisesa makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, nenda ukaone ngoma za watemi na zana za wahunzi, uone na hali ya vyombo vyenyewe, unyevu na mchwa vinavyofanya kazi. Hapo utajijua kama moyo wako uko kwenye kuchimba au kwenye kutunza. Nenda siku ya kawaida usisubiri Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma ya mwezi wa sita, siku ya ngoma hutaona kitu kwa wingi wa watu.

mwalimu_wa_ziwani
Nimeshaongea na mume wangu, Dar amekubali, mtoto mdogo atabaki kwa mama yangu Kwimba muhula wa kwanza. Barua ya idara nimeianza jana usiku, nimefika kurasa mbili na nusu na bado niko kwenye ule ukingo wa mto, itabidi nipunguze.

Bujora nakwenda Jumamosi hii na wanafunzi watatu, wale wale wenye sweta. Ngosha kama upo tukutane Buzuruga saa tatu asubuhi tupande daladala ya Kisesa, vile vigae nitakuja navyo kwenye picha tu, vyenyewe vinabaki kwenye droo na karatasi zake.

ngosha_kisesa
Nipo. Saa tatu kamili, nitavaa kofia ya kijani.