Kaunti au Serikali Kuu: tumwulize nani kuhusu watoto wa mitaa ya mabanda Nakuru?

MzaziRhonda aliuliza:

Wanabaraza, hamjambo? Mimi ni mmoja wa wazazi katika kamati ya shule ya chekechea ya umma upande wa Rhonda, hapa Nakuru. Tunataka kuandika maombi ya pamoja kuhusu hali ya watoto wetu, ila tumekwama kabla hata ya kuandika anwani, kwa kuwa hatukubaliani barua iende kwa nani.

Mambo yanayotusumbua ni matatu. Wapo watoto wanaofika darasani bila kutia chochote kinywani, na mwalimu huwatambua mapema kwa sababu ikifika saa nne wamelaza vichwa juu ya dawati. Wapo wadogo zaidi, wasiofikia umri wa chekechea, ambao mama zao huwaacha kwa jirani anayelea watoto wengi katika chumba kimoja cha mabati ili wao waende kutafuta kibarua cha kufua. Kisha wapo mayatima wanaolelewa na nyanya zao, na nyanya hao hawajui waanzie wapi ili waingizwe katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa kaya zenye shida pesa kila mwezi.

Nusu ya kamati inasema misaada ya kijamii ni kazi ya Serikali Kuu, basi twende kwa chifu. Nusu nyingine inasema Nakuru sasa ni jiji, kwa hivyo jiji ndilo lenye wajibu kwa wakazi wake. Naomba mwenye kujua utaratibu atueleze, na ikiwezekana atuambie ni lipi kati ya hayo matatu lina nafasi ya kusikilizwa.

MstaafuWaBaraza alijibu:

Ndugu MzaziRhonda, kamati yako imegawanyika kwa sababu mnazungumzia mambo matatu kama kwamba ni moja, ilhali kila moja lina mwenyewe.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii na kuitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe ya msingi, makao na huduma za afya. Hizo ni haki. Ofisi ya kuzitekeleza hutafutwa kwingine, nako ni Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo, ambalo linagawa kazi kati ya ngazi mbili za serikali. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu zimo upande wa Serikali Kuu. Upande wa kaunti kuna elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kulelea watoto, zahanati na hospitali za kaunti, pamoja na masoko.

Someni tena hapo kwenye vituo vya kulelea watoto. Vimetajwa waziwazi, katika kipengele kilekile cha chekechea, na bado ni nadra kumsikia mkazi akiviulizia kwenye mikutano ya bajeti. Watu huomba barabara, taa za mulika mwizi na basari. Basari ya sekondari, ambayo ndiyo huwapatia wanasiasa makofi, ni kwa ajili ya elimu isiyo ya kaunti kisheria, na mvutano kuhusu jambo hilo umefika hadi kwa Msimamizi wa Bajeti na mahakamani. Mama wa Rhonda anayemwacha mtoto wa mwaka mmoja kwa jirani ana dai lenye msingi wa Katiba kuliko mwombaji wa basari, ila hakuna aliyemwambia.

Fedha za Inua Jamii ni za Serikali Kuu kabisa. Mpango wa mayatima na watoto walio katika hali ngumu ulianza kama majaribio mwaka 2004 katika maeneo machache, yakiwemo Kwale, Garissa na Nairobi, na umekua hadi kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, hesabu ikiwa ni ya kaya nzima bila kujali idadi ya watoto waliomo. Kwa nyanya mliowataja, njia ni ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, ambayo, licha ya jina lake kuwachanganya wengi, ni ofisi ya Serikali Kuu. Hapo waende na kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti cha kifo cha mzazi kama kipo. Vyeti vya kuzaliwa ndivyo hukosekana zaidi, kwa hivyo kamati yenu ikiwasaidia kuvitafuta kabla usajili haujafunguliwa, itakuwa imefanya kazi kubwa.

Sasa hilo la jiji. Nakuru ilipewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na wengi walidhani tumerudishiwa baraza la zamani lenye meya, madiwani, mapato yake na shule za msingi chini ya usimamizi wake. Mimi nilihudumu katika baraza la namna hiyo hadi mfumo ule ulipoisha mwaka 2013, na sitasema lilikuwa malaika. Kilichopo leo ni bodi ya jiji na meneja, wanaofanya kazi kwa niaba ya kaunti chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na fedha zao hupitishwa na bunge la kaunti. Mkimwandikia meneja wa jiji kuhusu uji wa watoto, pengine atawajibu kwa adabu, lakini uamuzi wa kuutengea uji fedha hauko mezani pake.

DadaWaButere alijibu:

Nakubaliana na Mzee Mstaafu kuhusu sheria, ila nisingependa msomaji aondoke akidhani kaunti haiwezi kutoa pesa mkononi. Huku kwetu Kakamega, chini ya gavana wa kwanza, Wycliffe Oparanya, ulianzishwa mwaka 2013 mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao watu waliuita Oparanyacare. Mama mjamzito asiye na uwezo alilipwa shilingi 2,000 kwa awamu sita, jumla shilingi 12,000, kwa sharti kwamba ahudhurie kliniki, ajifungulie katika kituo cha afya, kisha ampeleke mtoto kwa chanjo na kupimwa uzito.

Angalieni jinsi kaunti ilivyopata mlango wa kuingilia. Haikusema inatoa misaada ya kijamii, jambo ambalo lingezua maswali. Ilisema inaimarisha huduma za afya, ambazo ni zake bila ubishi, na pesa zikafuata kadi ya kliniki. Orodha ya wanaostahili nayo haikuhitaji kuanzia kwa mzee wa mtaa, kwani mama alijulikana siku alipofika kliniki na hali yake ikakadiriwa hapo. Kwa mitaa yenu ya kupanga, ambako familia huhama kila kodi inapopanda, nadhani hilo lina maana kubwa.

MchuuziKibuye alijibu:

Dada, mpango unaoitwa kwa jina la gavana huwa na umri wa gavana. Nausifu kwa yale uliyofanya, lakini singewashauri watu wa Nakuru waanze na pesa taslimu.

Mimi nauza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu. Pitia safu yetu siku ya Jumapili uone: chini ya meza, katikati ya marobota, kuna katoni iliyotandikwa leso na mtoto amelala ndani, na mama anapiga bei huku akisukuma katoni kwa mguu kila mteja anapokaribia kuikanyaga. Mtoto akishaanza kutambaa, katoni haimtoshi tena, na ndipo mama huanza kukosa siku za soko. Kila siku tunatozwa ushuru, soko ni la kaunti, na vituo vya kulelea watoto ni vya kaunti. Tunachohitaji sokoni ni chumba kimoja safi, choo cha watoto, maji, na walezi wawili walioajiriwa. Hilo halihitaji sera mpya.

MzaziRhonda aliandika:

Nawashukuru nyote, hasa Mzee Mstaafu. Nimewasomea wenzangu sehemu ya Jedwali la Nne na mjadala umebadilika kabisa. Sasa tuna mvutano mwingine: wengine wanataka tuombe uji wa chekechea, wengine kituo cha kulelea watoto, na kuna mzazi anayesisitiza tudai chakula cha mchana kama cha Nairobi, ambako mzazi hulipa shilingi tano kwa sahani.

Swali langu la pili: je, kuna ushahidi wowote kwamba vitu hivi vya kaunti hupunguza umaskini wa watoto, au ni vya kupunguza machungu tu huku familia ikibaki palepale?

NipoMaseno alijibu:

Hilo la Nairobi ni Dishi na County, lililoanza mwaka 2023 kwa ushirikiano wa kaunti na shirika la Food4Education. Linawalisha watoto wa shule za msingi za umma pia, ambazo Jedwali linaziweka upande wa Serikali Kuu, na linahitaji majiko makubwa ya pamoja yanayopika kwa maelfu ya watoto. Kwa shule moja ya Rhonda, mfano ulio karibu ni Murang'a, ambako kaunti huwapa uji watoto wa chekechea. Huo uko ndani ya mamlaka yake, na jiko la shule linatosha.

Kuhusu ushahidi, tuanze na jirani zetu wa Siaya. Shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 maskini takriban dola 1,000 kila moja bila masharti, na watafiti wakazifuatilia kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Akina mama walijifungulia hospitalini zaidi, na walipata kupumzika kutoka kazi nzito katika miezi ya mwisho ya ujauzito na ya kwanza ya ulezi. Lakini nafuu hiyo ilijikusanya zaidi kwa waliokuwa karibu na kituo cha afya chenye daktari. Kwa hivyo pesa zilimwezesha mama kufika, na kilichomwokoa mtoto kilimsubiri pale alipofika. Nacho, yaani kituo cha afya, kwa Kenya ni mali ya kaunti. Sioni sababu ya kuuita mchango huo wa kupunguza machungu.

Nikirudi kwa hoja ya mchuuzi wa Kibuye, kwamba mpango wa gavana hufa na gavana: si lazima. Nchini Brazil, jiji la Campinas na eneo la mji mkuu, Brasília, yalianza mwaka 1995 kuzilipa familia maskini kwa sharti la watoto kusoma. Miji mingine ikaiga, serikali ya taifa ikauchukua mpango huo mwaka 2001, na mwaka 2003 ukaunganishwa na mingine kuwa Bolsa Família, inayofikia mamilioni ya kaya. Tofauti ni kwamba manispaa za Brazil zina mamlaka na mapato yake kikatiba, na meya wa kule hahitaji kusubiri bunge la ngazi nyingine limpitishie fedha. Kwetu, wa kuanzisha jambo kama hilo ni kaunti, tena kwa sheria iliyopitishwa na bunge lake, ili gavana ajaye akitaka kuufuta mpango alazimike kuifuta sheria hadharani.

Ningekuwa nanyi Rhonda, ningeomba uji kwanza. Si kwamba ni muhimu kuliko kituo cha kulelea watoto. Nadhani kituo kina uzito zaidi, kwa sababu kinampa mama siku ya kazi na mtoto usalama kwa mpigo mmoja. Uji ninautanguliza kwa kuwa shule ipo, mwalimu yupo na hesabu ya watoto inajulikana, kwa hivyo afisa wa bajeti hana pa kujifichia.

MstaafuWaBaraza alijibu:

Mimi ningeomba vyote viwili katika barua moja, lakini kwa nyakati zake, na hapa ndipo wananchi wengi hupoteza nguvu bure. Mkutano wa bajeti unaojulikana ni ule unaofuata makadirio yanapopelekwa bungeni, na makadirio hayo hutakiwa kufika kabla ya tarehe 30 Aprili. Wakati huo viwango vya kila idara vimeshawekwa katika waraka wa mkakati wa fedha, unaowasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na miradi yenyewe inatakiwa iwe imetajwa katika mpango wa maendeleo wa mwaka, unaowasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Anayesimama mwezi Mei kuomba kituo kipya anaomba kisichokuwa kwenye karatasi yoyote, hata kama ukumbi mzima utampigia makofi.

Kwa hivyo ombi la kituo cha kulelea watoto lipelekwe kwa idara ya mipango ya kaunti mwezi Julai au mapema Agosti. Litaje kiwanja: kama kuna ardhi ya umma karibu na soko au zahanati, itajwe kwa jina, kwani kutafuta kiwanja ndiko huua miradi hii. Uji unaweza kuombwa Januari, kabla ya waraka wa Februari, kwa kuwa ni nyongeza katika idara ambayo tayari ina bajeti ya chekechea. Andikeni idadi ya watoto kwa rejista ya mwalimu mkuu, siku za masomo kwa muhula, na bei ya unga, sukari na kuni au gesi kwa soko la Nakuru, ili anayesoma akute hesabu imeshafanywa.

Nakala moja iende kwa mwakilishi wadi na nyingine kwa Karani wa Bunge la Kaunti, ikielekezwa kwa kamati ya bajeti. Zote zipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri ibaki kwa katibu wa kamati yenu. Itahitajika tena Juni, wabunge wa kaunti watakapokuwa wakipitisha bajeti na mmoja wao akaanza kusema kwamba wakazi wa Rhonda hawakuwahi kuomba.