Fedha za utafiti wa pamba: kwa nini mbegu kwanza na udongo baadaye?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii nikijua wapo humu watafiti wa mbegu, na najua watanishukia.

Kila pamba ikitajwa kwenye habari za sayansi, ni mbegu. Ramani ya vinasaba vya Gossypium raimondii (Gossypium ni jina la kisayansi la jamii ya pamba) ilitoka 2012, ya arboreum 2014, ya hirsutum 2015. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya dunia, kwa hiyo sisemi kazi ile ilikuwa ya bure. Ninachouliza ni hiki: lini mara ya mwisho mmesikia utafiti wa udongo wa pamba ukitangazwa kwa shangwe?

Mfano mmoja tu. Huko Auburn, Alabama, Marekani, kuna shamba la majaribio linaloitwa Old Rotation, lilianza 1896 na bado linalimwa. Ni vipande 13 kwenye eneo la kama ekari moja. Vipo vinavyopandwa mikunde msimu wa baridi kisha pamba, bila gramu ya nitrojeni ya kiwandani, na mavuno yake yanalingana na ya vipande vinavyowekewa kilo 134 za nitrojeni kwa hekta. Na vipo visivyopewa mikunde wala nitrojeni. Hivyo vimebaki nyuma miaka yote, na mbegu imebadilishwa sijui mara ngapi tangu babu zetu. Kila aina bora ya zama zake ilipita pale ikashindwa kuvinyanyua.

Pendekezo langu: nusu ya fedha za kuzalisha aina mpya zihamie kwenye udongo. Karibuni.

Mtafiti wa mbegu

Ndugu mleta mada, umeanza vizuri ukamalizia vibaya.

Mikunde itakupa nitrojeni. Haitakupa kinga. Miaka ya 1920 huko Barberton, Afrika Kusini, jasidi, wadudu wadogo, walikuwa wanafyonza majani mpaka pamba ikawa haina maana kulimwa. F. R. Parnell hakuwashinda kwa samadi. Aliona kwamba mimea yenye majani ya manyoya ilisalimika, akachagua hiyo, na hapo ndipo zikatoka aina kama U4 ambazo damu yake imeenea mashamba mengi ya Afrika. R. L. Knight kule Sudani alifanya kazi ya namna hiyo dhidi ya ugonjwa wa bakteria, jeni moja baada ya nyingine, akizihamisha kutoka pamba nyingine kwenda pamba iliyokuwa inalimwa. Weka mbolea utakavyo kwenye mmea usio na kinga, utakuwa umewanenepesha jasidi.

Jambo la pili, mbegu ndiyo teknolojia pekee inayomfikia mkulima bila kumwongezea kazi. Anapanda kama alivyopanda mwaka jana. Udongo unamdai mkokoteni, ng'ombe, vibarua na muda.

Nusu ya fedha ni nyingi mno.

Mchambua pamba

Mimi niko upande wa kiwanda, nitasema dogo tu. Mbegu nayo ina dhambi zake. Burkina Faso waliingiza pamba ya Bt, yaani iliyowekewa jeni ya bakteria inayotoa sumu ya kuua funza, mwaka 2008. Upuliziaji ukashuka kutoka mara sita hadi mbili, wakulima wakafurahi. Lakini nyuzi zikatoka fupi na uchambuaji, yaani kutenganisha nyuzi na mbegu, ukatoa pamba nyuzi kidogo kuliko aina zao za zamani, ambazo sokoni zilikuwa zinasifika. Kufikia 2016 kampuni za pamba zenyewe zikaamua kuachana nayo. Jeni ilifanya kazi yake kwa funza. Iliyoharibika ni bidhaa.

Mtafiti wa mbegu

Mkuu, hilo sikatai, na wacha nieleze linavyotokea maana watu hudhani ni uchawi. Unapotaka kuhamisha jeni moja, unachanganya aina yako na mmea wa kigeni wenye jeni hiyo. Mtoto wa kwanza ana nusu ya damu ya kigeni. Unamrudisha kwa mzazi wa nyumbani, inabaki robo. Ukirudia, asilimia 12.5. Mara ya sita, chini ya asilimia 1. Ukikatisha mapema una jeni yako, ndiyo, lakini umebeba na mizigo mingine ambayo hukuiagiza, na urefu wa nyuzi ni kati ya vitu vinavyoumia. Sababu hasa za Burkina zinabishaniwa mpaka leo. Nimeeleza njia tu.

Ona sasa: hiyo ni hoja ya kuongeza kazi ya uzalishaji, siyo kuipunguza.

Mkulima

Wataalamu, mnaruka swali la mtu wa shambani. Nikipeleka pamba kuuza, nimeuza nini cha udongo wangu? Maana naambiwa pamba inamaliza ardhi, na jirani yangu aliacha kulima pamba kwa maneno hayo hayo.

Mtu wa udongo

Mzee wangu, swali lako ndilo lingetakiwa kuwa kichwa cha mada.

Uzi wa pamba ni seli moja iliyochomoza kwenye ganda la mbegu ikarefuka. Ukikomaa, zaidi ya asilimia 90 yake ni selulosi, yaani kaboni, hidrojeni na oksijeni. Hivyo vimetoka hewani na kwenye maji ya mvua. Ungeweza kuuza nyuzi tupu miaka mingi na udongo usihisi.

Kinachoondoka ni mbegu iliyomo ndani. Kwenye kilo 1,000 za pamba mbegu, yaani pamba kabla ya kuchambuliwa, kama 600 ni mbegu yenyewe. Humo kuna takriban kilo 20 za nitrojeni, kilo 4 hivi za fosforasi, na potasiamu kilo 6 au 7. Halafu mbegu inakamuliwa. Mafuta nayo ni kaboni, hidrojeni na oksijeni, hayana nitrojeni ya kutaja. Virutubisho vyako karibu vyote vimebaki kwenye mashudu. Sasa jiulize mashudu yanaliwa na ng'ombe wa nani, na samadi yake inamwagwa wapi. Shamba lako limehamia zizi la mtu mwingine.

Kwa hiyo pamba haimalizi ardhi kuliko nafaka. Ila ina njia yake ya kuiondoa rutuba kimyakimya, kwa kuwa macho yote yako kwenye nyuzi.

Mkulima

Hapo nimekuelewa. Na mashina je? Sisi tunang'oa na kuchoma, tuliagizwa.

Mtu wa udongo

Mliagizwa kwa sababu nzuri. Funza mwekundu hulala ndani ya mbegu na vitumba (matunda ya pamba) vilivyobaki shambani akingoja msimu ujao. Ukiacha masalia, umemtunzia kitanda. Kwa mtu wa wadudu, moto ni dawa.

Kwa mtu wa udongo, moto unapeleka nitrojeni na salfa angani, unabakiza majivu yenye potasiamu na fosforasi, na upepo ukiwahi kabla ya jembe basi nayo yamekwenda. Tena maganda ya vitumba ndiyo sehemu ya mmea yenye potasiamu nyingi kuliko zote. Mashina yakikatwakatwa yakalundikwa kuwa mboji, joto la lundo linamuua funza na rutuba inarudi. Lakini nani amewahi kulipwa afanye utafiti wa kikatio cha mashina ya pamba kinachobebeka na mtu mmoja? Mashina yale ni miti. Panga linagonga, linarudi.

Hapa ndipo naungana na mleta mada. Kuna maswali yanayokaa katikati ya idara mbili, na huko katikati hakuna fedha.

Msomaji

Na India? Tunaambiwa Bt ndiyo iliyoinua pamba yao.

Mleta mada

Afadhali umeuliza. Bt iliruhusiwa India 2002 na mavuno yakapanda miaka iliyofuata. Lakini kipindi hicho hicho matumizi ya mbolea yalipanda na viuatilifu vipya viliingia. Mwaka 2020, Kranthi na Stone waliandika kwenye jarida la Nature Plants kwamba ukipanga miaka vizuri, ongezeko linafuata mbolea na viuatilifu kuliko linavyofuata kuenea kwa Bt. Na funza mwekundu alikwisha zoea sumu ile. Dalili za kwanza zilitoka Gujarat mwishoni mwa muongo ule.

Mtafiti wa mbegu

Na wapo wachumi waliofuatilia kaya za wakulima wakaona faida ya Bt hata baada ya kuhesabu mbolea. Usilete upande mmoja, mkuu. Halafu fikiria: mkulima anathubutu kununua mbolea pale anapoamini vitumba havitaliwa. Mbegu ilimpa ujasiri, mbolea ikafuata. Utazitenganishaje?

Mleta mada

Hapo umenibana kidogo. Nakubali ni vigumu kutenganisha.

Mtu wa udongo

Si ajabu mmefika hapo, kwa sababu hata ndani ya mmea hazitenganishiki. Naomba nichukue nafasi.

Potasiamu. Pamba ni mlafi wa potasiamu, na kuihitaji kwake hakulingani msimu mzima. Vitumba vinapojaa, vinaivuta kwa pupa. Uzi unarefuka kwa shinikizo la maji ndani ya seli, na potasiamu ni mojawapo ya vitu vikuu vinavyolivuta maji lile. Ikikosekana, uzi unakatika urefu na ukuta wake unabaki mwembamba. Mchambuaji hapo juu ataona nyuzi changa na atamlaumu mzalishaji mbegu.

Sasa sikilizeni. Miaka ya 1980 na 1990, Marekani walianza kuona pamba ikizeeka kabla ya wakati kwenye mashamba ambayo vipimo vya udongo vilisema potasiamu ipo. Majani ya juu, siyo ya chini kama tulivyofundishwa darasani, yanageuka rangi ya shaba, yanakakamaa, yanapata madoa ya ugonjwa, yanaanguka huku vitumba vya juu havijakomaa. Sehemu kubwa ya maelezo ilikuwa mbegu yenyewe. Aina mpya zilichaguliwa zizae haraka na zikomae mapema. Vitumba vingi, siku chache, na mizizi haiwezi kuvuta kwa kasi hiyo. Aina ya zamani, ya polepole, kwenye udongo ule ule ilikuwa inamudu.

Yaani wazalishaji walitengeneza mmea wenye njaa zaidi bila kukusudia, na hakuna aliyewaambia watu wa udongo wabadilishe viwango vyao.

Boroni ni hivyo hivyo. Maua machanga yakipukutika kila mtu anakimbilia dawa ya wadudu. Kata kikonyo cha jani kwa wembe kabla hujapuliza. Ukiona pete nyeusinyeusi zimekizunguka kama alama za kamba, hilo ni boroni. Mbolea za pamba za Afrika Magharibi zinawekwa salfa na boroni juu ya zile tatu za kawaida (nitrojeni, fosforasi na potasiamu), na hilo halikuja kwa bahati, kuna watu walikaa wakapima.

Mchambua pamba

Nyuzi changa nimelaumu mbegu miaka yote. Haya.

Mleta mada

Basi narekebisha hoja yangu, maana mwenye mada anaruhusiwa. Naiondoa ile nusu. Badala yake nasema: aina mpya ya pamba isipitishwe mpaka ijaribiwe pia kwenye kipande kisichowekewa mbolea na kwenye udongo wenye tindikali, siyo tu pale kwenye kituo cha utafiti ambako udongo umelishwa vizuri miaka mingi. Na matokeo ya pande zote mbili yachapishwe.

Mtafiti wa mbegu

Hilo ningelisaini leo, ila ujue unachoomba. Kwenye udongo uliochoka tofauti kati ya aina na aina zinabana, halafu tofauti kati ya hatua moja na nyingine ya shamba zinapanuka. Huku kulikuwa na kichuguu, kule zamani palikuwa zizi, pale maji yanasimama. Aina bora inafichwa na kelele za udongo. Ili niione nahitaji kurudia vipande mara mbili au tatu zaidi, sehemu nyingi zaidi, misimu mingi zaidi. Ndiyo maana tunapenda kituoni. Mnadhani ni uvivu, lakini kituoni ndiko ninakoona ninachochagua.

Kwa hiyo jaribio lako la udongo litalipiwa na bajeti ya mbegu, na litakuwa ghali kuliko la sasa.

Mtu wa udongo

Umesahau la tindikali. Hapo tofauti hazibani, zinaonekana kwa macho. Alumini ikiyeyuka kwenye udongo wa pH (kipimo cha tindikali) 5 kushuka, mzizi mkuu unagota. Ng'oa miche kumi ya kila aina wiki ya tano, ilaze kwenye gunia. Utaona mmoja umeshuka wima na mwingine umepinda kama kulabu. Huhitaji kurudia mara tatu.

Mtafiti wa mbegu

Kwa chokaa si ungemaliza tatizo?

Mtu wa udongo

Juu, ndiyo. Chokaa haishuki upesi. Chini ya kina cha jembe tindikali inabaki, na huko ndiko maji yaliko kiangazi.

Mkulima

Mimi nimebaki na swali langu la mashina. Miche kumi nitawang'olea msimu ukianza, hiyo si kazi. Kikatio kitaletwa na idara ipi?