Walimu wa kusini, tufungue fani gani ya amali?

ticha_wa_zamu
Habari zenu wakuu. Niko shule moja huku juu Newala, bosi kanipa kazi ya kupendekeza fani ya amali na masomo ya kuchagua, si mnajua mtaala ulioanza 2024 una mkondo wa jumla na wa amali, yaani wa ujuzi wa kazi, sasa kila kikao wazazi wanauliza sisi lini. Wengi wanataka kompyuta, tunazo nne inawaka moja. Mi nikawaza kilimo cha bustani, mchicha na nyanya, watoto wauze. Mnaonaje?

kusi_pwani
Bustani Newala?? Maji utatoa wapi ticha, kiangazi watoto wanabeba dumu toka nyumbani la kudekia darasa we unataka wamwagilie nyanya 😂 Weka kilimo ila kiwe cha mikorosho, Naliendele wapo hapo Mtwara miaka yote wanafanya utafiti wa korosho, kaombe mbegu na ushauri.

mama_wawili
Mimi mzazi napinga. Mwanangu anaokota korosho toka ana miaka 7, leo nilipe michango akaokote tena za shule? Tunajua, kidato cha pili wanapalilia kama adhabu halafu mnaita somo.

kusi_pwani
Kwenye adhabu uko sahihi mama. Ila kuokota ndo mwisho wa kazi. Muulize dogo ubwiriunga anautambuaje, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani machanga na maua, wengi wanakuja kupuliza dawa ya salfa maua yashaungua. Au kubebesha miche, anayejua kukata kikonyo cha mkorosho mzuri na kukifunga kwenye mche mwingine kikashika, miche anauza. Halafu uhasibu uende pamoja, wazee wetu wanapewa karatasi ya makato chama cha msingi, ule ushirika wa kuuzia korosho, wanakunja wanaweka mfukoni.

chaki_lindi
Angalieni mwalimu kwanza. Kwetu walifungua ushonaji, vyerehani sita vipya, mwalimu kahama muhula wa pili. Sasa nafundisha mimi wa jiografia, kutunga uzi tu kwenye sindano nahangaika watoto wananicheka, vitano viko stoo vimefunikwa kanga.

ticha_wa_zamu
Duh. Wa kilimo tunaye mmoja na anastaafu mwakani. Kuna mzee hapa kijijini anabebesha miche vizuri sana, ngoja nimuulize kama Ijumaa anaweza kuja. Mama, hiyo palizi ya adhabu naipeleka kikaoni, ila jamani sio mimi, ni mwalimu wa nidhamu.