Uhusiano wa 0.8 kati ya ubongo na hulka: kasoro iko wapi?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa semina kuhusu picha za ubongo, na nimekutana na makala za fMRI (mbinu ya kupiga picha za utendaji wa ubongo) zinazodai kwamba utendaji wa eneo fulani la ubongo unahusiana na hulka ya mtu kwa 0.8 au zaidi, ilhali washiriki hawafiki 20. Msimamizi wangu amenikataza kuzitegemea. Je, tatizo ni uchache wa washiriki peke yake?

Jibu la kwanza
Uchache unachangia, lakini kasoro kubwa ni namna vokseli, yaani vipande vidogo vya ujazo vinavyounda picha ya ubongo, zinavyochaguliwa. Mtafiti hupima uhusiano katika makumi ya maelfu ya vokseli, akabakiza zilizovuka kizingiti, kisha akatangaza wastani wa hizo hizo kwa data ile ile. Chukua washiriki 16 na kizingiti cha p 0.001 (p ni uwezekano wa kupata matokeo makubwa kiasi hicho kwa bahati tu, pasipo uhusiano wowote): vokseli yenye r, yaani kipimo cha uhusiano, iliyo chini ya takriban 0.74 haipiti kabisa, kwa hiyo ukubwa wa namba umeshaamuliwa na kichujio. Hata kama vokseli zote 50,000 hazina uhusiano wowote na hulka, kiasi cha 50 zitapita kwa bahati tu. Edward Vul na wenzake walilieleza jambo hili kwa kina mwaka 2009, na nakusihi uanzie hapo.

Jibu la pili
Niongeze hapo, kwa sababu wengi huamini kwamba kurekebisha p kwa ajili ya wingi wa majaribio kunamaliza yote. Marekebisho hayo ni ya lazima: Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine, na vokseli zikaonekana kuitikia picha alizoonyeshwa hadi marekebisho yalipofanywa. Hata hivyo, yanahusu kuwapo kwa uhusiano tu. Ukubwa wake unabaki umevimba. Kriegeskorte na wenzake walipitia makala 134 za fMRI za mwaka 2008, na asilimia 42 zilikuwa na walau uchambuzi mmoja wa mzunguko wa namna hii, yaani kuchagua na kupima kwa data ile ile. Inafaa eneo lichaguliwe kwa nusu ya data na kupimwa kwa nusu nyingine.

Muulizaji
Nashukuru sana. Makala mojawapo ilichagua eneo kwa kufuata anatomia kabla ya uchambuzi, ikapata 0.5 kwa watu 16. Nayo niiache?

Jibu la kwanza
Hiyo haina kasoro ya uchaguzi, mradi mipaka ya eneo iliwekwa mapema kweli. Itumie, lakini onyesha kwamba mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ya hiyo 0.5 inaanzia karibu na sifuri hadi 0.8.