Mikanda ya dhahabu iliyolala: wagawiwe wachimbaji wadogo leo, au ichorongwe kwanza?

Mdau wa Sakina
Wadau wa Arusha na Moshi, naweka hoja mezani. Hela ya tanzanite inatafuta pa kwenda, na madalali wanazunguka mjini na leseni za uchimbaji mdogo zilizokaa juu ya migodi ya dhahabu ya zamani, hasa upande wa Sekenke, Iramba, mkoani Singida. Historia mnaijua: Sekenke ilianza kuchimbwa na Wajerumani 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyopigwa sarafu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916, zile zenye tembo. Kuna wanaotaka serikali isigawe maeneo ya namna hiyo mpaka yachorongwe, yaani yatobolewe kwa mashine kutoa sampuli za chini. Mimi nasema yagawiwe. Mashimo yapo, mkanda, yaani mshipa wa jiwe lenye dhahabu, unaonekana kwa macho, na Mzungu hakuchimba mahali pasipo na kitu. Kuchoronga ni kumchelewesha mnyonge.

Kijenge Juu
Mkuu, hakuchimba pasipo na kitu, sawa. Lakini pia hakuondoka bila sababu, na hiyo ndiyo ya kuulizia kabla hujatoa hata shilingi. Kuna mgodi uliofungwa kwa sababu ya bei tu. Mwaka 1934 aunsi ilipandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35, watu wakafungua mikanda kila kona. Halafu bei ikaganda hapohapo hadi 1971 huku mishahara, mbao na dizeli vikipanda. Mgodi wa namna hiyo ulikufa dhahabu ikiwa bado imo, na leo unafaa. Mwingine ulifungwa kwa sababu tumbo la dhahabu, yaani sehemu nono ya mkanda, liliisha, kilichobaki ni jiwe jeupe la kwatzi lisilo na kitu. Ukiwa juu, mashimo ya migodi yote miwili yanafanana.

Geita ilifungwa 1966, ikafunguliwa upya 2000. Waliorudi hawakuingia kwenye mashimo ya wazee. Walichoronga kwanza, ndipo wakaamua kuchimba kwa shimo la wazi, mawe ya gramu chache kwa tani ambayo mgodi wa chini ya ardhi usingeyagusa.

Binti Ngarenaro
Mfano wa Geita haumsaidii mwenye leseni ya hekta 10. Tuseme ukweli kuhusu mkanda wa kwatzi: mashine ya kuchoronga nayo inadanganya. Dhahabu ya humo mara nyingi ni ya punje na haikutawanyika sawasawa. Maabara inayeyusha gramu 50 za unga. Punje moja yenye upande wa nusu milimita ina uzito wa miligramu 2 hivi. Ikiangukia kwenye hizo gramu 50, jibu linatoka gramu 40 hivi kwa tani. Isipoangukia, unaletewa sifuri. Jiwe ni lilelile. Matundu matatu ya kuchoronga yanaweza kupita pembeni ya tumbo zuri, eneo likaandikwa halifai, na mchimbaji akanyimwa kwa karatasi.

Duara lenyewe, yaani shimo la mchimbaji, ndiyo sampuli. Toa tani 10 kwa upana mzima wa mkanda bila kuchagua, pitisha karasha ya kusaga mawe, pima dhahabu iliyotoka na iliyobaki kwenye marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kuchenjuliwa. Hapo una jibu ambalo kori, ule mche wa jiwe wa milimita 47 unaotolewa na mashine ya kuchoronga, haitakupa.

Fundi wa Pasua, Moshi
Dada, kwenye punje uko sahihi, na dawa yake ipo: unaiomba maabara isage kilo nzima, iichekeche kwa wavu wa maikroni 106, kinachobaki juu kipimwe chote peke yake. Bei yake iko juu ya kipimo cha kawaida lakini kwa mkanda wa punje hakuna mbadala. Tatizo langu na tani 10 ni kwamba watu hawazitoi kwa upana mzima. Wanabeba mawe yenye kutu na matundu kama sega la nyuki, wanaacha meupe, halafu wanaita hiyo wastani.

Kati ya kugawa kesho na kuleta mashine kuna kazi ya patasi, nayo ni ya bei ndogo. Kata mtaro kuvuka mkanda kila mita 10, ufike mwamba mgumu. Fagia na uoshe kwa maji. Chonga mfereji wa upana sentimita 5 na kina sentimita 3, kutoka ukuta hadi ukuta (mwamba unaoubana mkanda kila upande), kinachoanguka kidondokee kwenye turubai. Mita moja itakupa kilo 4 hivi. Mkanda weka mfuko wake, ukuta wa juu wake, ukuta wa chini wake. Wengi wanachonga palipo laini wanaruka pagumu, kwa hiyo kutu, ambayo mara nyingi ndiyo yenye dhahabu, inajaa kwenye mfuko kuliko ilivyo kwenye mwamba.

Kisha fanya hesabu ya upana. Mkanda wa sentimita 40 wenye gramu 9 kwa tani unavutia, lakini mtu haingii kwenye sentimita 40. Utachimba mita 1.2, na mawe ya ukutani hayana kitu. Zile gramu 9 zimeshakuwa 3. Ukichenjua kwa zebaki, hapo unapata kama theluthi, iliyobaki inaenda na marudio kumtajirisha mwenye vati la sayanaidi, tangi la kuyeyushia dhahabu kwa kemikali.

Jambo la mwisho ni usawa wa maji ya ardhini. Juu yake mwamba umeoza na dhahabu iko huru. Chini yake imejifungia ndani ya madini ya salfa, na karai halioni kitu. Piga nyundo jiwe bichi la kijivu cha fedha; likinuka kitunguu saumu, hiyo ni aseniki. Wazee wengi walisimama kwenye mstari huo.

Mdau wa Sakina
Nakubali la upana, sikulihesabu. Ila kuna madalali wanaonyesha taarifa za zamani za uchorongaji: “mita 5 zenye gramu 8”. Hizo si zinatosha?

Kijenge Juu
Uliza tundu lilielekea wapi. Mkanda ukilalia magharibi kwa nyuzi 70 kutoka usawa wa ardhi, mashine inakaa magharibi, inachoronga kuelekea mashariki kwa nyuzi 60. Hapo mita 1 ya kori ni sentimita 77 za mkanda. Ikikaa mashariki ikachoronga kuelekea magharibi, inateremka karibu sambamba na mkanda wenyewe, na hizo mita 5 ni sentimita 87 tu. Gramu ni za kweli, upana ndio wa uongo. Taarifa isiyo na mwelekeo, mteremko na ramani ya matundu ni karatasi ya kufungia maandazi. Ramani za jiolojia za eneo zinapatikana GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania), Dodoma; anza huko kabla ya dalali.

Binti Ngarenaro
Basi nasogea hatua moja: mitaro na mifereji kabla ya kugawa, sawa, na matokeo yabandikwe ofisi ya madini kila mtu aone. Kuchoronga kama sharti bado nakataa. Anayeweza kulipia mashine ndiye atakayechukua eneo, na tunamjua si mchimbaji.

Mama wa Njiro
Mmesahau mpaka. Leseni inashuka wima, mkanda haushuki wima. Ukilala nyuzi 60, kwenye kina cha mita 100 umeshasogea mita 58 pembeni. Ukigawa hekta kumikumi kwa kufuata mashimo ya juu, mwenye mkanda juu atachimba miaka miwili kisha ajikute chini ya jirani. Mitobozano ya Mirerani, migodi ya majirani kutobokeana chini kwa chini, hakuna asiyeijua hapa mjini. Mteremko wa mkanda unapimwa kwa dira kwenye mitaro hiyohiyo ya Fundi, asubuhi moja inatosha. Upande unaolalia ndio uachiwe nafasi ndani ya mpaka, na aliyepimiwa bila hivyo arudishiwe ada apimiwe upya.