Tupeane uzoefu: uliwahi kukuta akaunti imefungwa kwa deni la kodi usilolijua?

Mzee wa Vipuri: Wakuu, leo benki kuna mama katoka dirishani anatetemeka, kaambiwa akaunti imeshikiliwa kwa deni la kodi. Nimekumbuka yangu hadi mate yamekauka. Mwenye kisa ashushe.

Chumvi Kali: Dah, umetonesha kidonda.

Mabeseni: Ngoja niseme. Nauza vyombo vya plastiki Kariakoo, fremu ndogo tu. Jumamosi namtumia hela aliyenipa mzigo, muamala unagoma. Nikajua mtandao. Jumatatu nipo benki, dada wa kaunta anaangalia skrini, ananiangalia, anamwita bosi. Bosi ananinong'oneza: "Kaka, tumeletewa ajensi notisi, amri ya kushikilia hela yako kwa deni la kodi. Hela haitoki mpaka watu wa kodi waseme." Deni milioni 61! Mimi, fremu na mabeseni tukipigwa mnada wote hatufiki huko.

Ofisini kwao naonyeshwa makontena ya vigae yaliyotoka bandarini kwa TIN yangu, namba yangu ya mlipakodi. Vigae! Sijawahi kuuza hata kimoja. Kumbe agenti aliyenitolea mzigo miaka ya nyuma aliendelea kuitumia TIN yangu kutolea mizigo ya watu. Wao wameona manunuzi makubwa, mauzo niliyotangaza kiduchu, wakanikadiria. Barua ya tathmini ilipelekwa kwenye fremu niliyokwisha hama, mpangaji mpya kaitupia chini ya kaunta. Naipata imechorwa hesabu za vocha, siku za kupinga zimeshapita. Hapo ndipo nilikaa kwenye ngazi za jengo nikashindwa kusimama. Agenti? Namba haipatikani mpaka kesho.

Chumvi Kali: Maagenti hawa, Mungu anawaona.

Mtumishi Mwaminifu: Mnakwepa kodi, mkibanwa mnalia. Mimi nakatwa kwenye mshahara kila mwezi na sijafungua uzi.

Mama Mbao: Wewe unakatiwa na mwajiri, fomu yenyewe hujawahi kuishika. Tulia.

Mtumishi Mwaminifu: Risiti mnatoa?

Mama Mbao: Njoo dukani nikupe risiti na ubao mmoja wa kichwa.

Bwana Harusi Mstaafu: Yangu ni ya mahari. Niliiweka kwenye akaunti ya biashara nisiichezee. Siku yenyewe wazee wameshakaa kwenye mkeka, mshenga ananikonyeza, mimi nipo kwa wakala wa benki mtaa wa pili, "muamala umekataliwa". Narudi nasema mtandao unasumbua. Baba mkwe anauliza, "Mtandao wa wapi huo, mbona mimi nimetumiwa hela sasa hivi?"

Chumvi Kali: 😂😂 Ukaoa?

Mama Mbao: Tunataka mwisho!

Mzee wa Vipuri: Jamani turudi kwenye mada.

Mama Mbao: Mada ndiyo hii. Alioa?

Mhasibu Mstaarabu: Mkimaliza harusi, sikieni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakupa siku 30 kupinga tathmini tangu uipokee. Na unatakiwa kuweka theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Huna? Andika kuomba upunguziwe au usamehewe amana hiyo, toa sababu. Muda umepita? Omba kuongezewa, ambatanisha ushahidi wa fremu kuhama. Benki msiwatukane, wasipotekeleza notisi deni linawarudia wao.

Chumvi Kali: Dawa ni kuweka hela kwenye kibubu tu.

Mama Mbao: Ili panya wakukadirie?

Mzee wa Vipuri: Si Rais Samia alishakemea 2021 mambo ya kufungia watu akaunti?

Mhasibu Mstaarabu: Alikemea ubabe, kifungu cha kushikilia akaunti bado kipo. Usiende kupigana na mlinzi getini, omba kulipa kwa awamu.

Mabeseni: Awamu ya deni la vigae vya mtu? Labda nipewe na vigae.

Kijana wa Kisauni: Poleni ndugu zangu. Huku Kenya hata ukiwa huna kazi, mradi PIN yako (ndiyo TIN yetu) ina wajibu wa kodi ya mapato, usipotuma ritani ya sifuri, yaani fomu ya kusema hukupata kipato, kufikia 30 Juni faini ni shilingi 2,000. Binamu yangu amekaa miaka bila kutuma, sasa anatafuta kazi na wanadai cheti cha kodi.

Bwana Harusi Mstaafu: Nilioa. Mjomba wake ndiye alinikopesha mahari pale pale. Deni lake bado, na yeye hana awamu.

Mgeni Mpya: Wakuu, kuna agenti kaniomba TIN jana kwa WhatsApp, nimeshamtumia. Nifanyeje?

Mabeseni: Yuko wapi huyo? Ana mwanya?